Chungwa Letu ni la Kijani

Ndugu msomaji, kabla hatujaanza kubishana, soma kwanza ubeti huu:

Nyekundu rangi ya damu, kijani ni ya majani,
Nyeusi giza fahamu, bluu ni ya baharini,
Rangi zote ni muhimu, tuzisome darasani,
Mola ametukirimu, tushukuru duniani.

Usihangaike kumtafuta mtunzi. Nimeutunga mwenyewe kwa makusudi, nikisubiri maji ya chai yachemke, ili nisije nikamsingizia mtu. Lakini kama ulipita shule ya msingi hapa nchini, nina hakika unaapa kwamba uliwahi kuusoma huu, au ndugu yake. Uliukariri darasa la pili au la tatu, ukauimba mbele ya mgeni rasmi huku umenyoosha mikono kama roboti, ukapigiwa makofi, yakaisha.

Haya, uhesabu. Mizani nane kwa nane, hakuna mstari uliopungua wala kuzidi. Kina cha kati ni -mu kutoka juu mpaka chini, kina cha mwisho ni -ni. Kwa sheria alizoziandika Amri Abedi mwaka 1954 katika Sheria za Kutunga Mashairi, umbo la ubeti huu halina kasoro ya kumfanya mwalimu ashike kalamu nyekundu. Mimi nasema ubeti huu haufai kwa mtoto, na nitaeleza kwa nini. Naomba univumilie, kwa sababu jambo lenyewe linatuhusu sisi tunaotaka kuandika kuliko linavyowahusu walimu.

Tuanze na mambo madogo. "Nyeusi giza fahamu." Huyo "fahamu" amefuata nini pale? Amekuja kujaza nafasi, kama mtu anayepakiwa kwenye daladala ili gari liondoke. "Rangi zote ni muhimu." Kivipi? Muhimu kwa nani? Mtoto haulizwi na wala haambiwi. "Tuzisome darasani." Basi rangi nazo zimekuwa somo, kama jedwali la kuzidisha. Na huyo Mola wa mstari wa mwisho ameitwa kufunga kikao tu, maana mtunzi ameishiwa.

Lakini jambo kubwa zaidi lipo kwenye mstari wa kwanza: "kijani ni ya majani." Hebu litamke neno hilo taratibu. Kijani. Jani limo humo humo ndani! Ni sawa na kumwambia mtoto kwamba rangi ya jani ni ya jani. Mtunzi amesimama juu ya hazina, akaikanyaga, akapita.

Nasema hazina bila kutia chumvi. Lugha yetu ina vivumishi vitatu tu vya rangi ambavyo hasa ni vya kwake na hukubali viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Mtu mweupe, kiti cheupe, mawe meupe. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu wakidai kwamba lugha za dunia huanza na rangi hizo hizo kwanza, nyeusi na nyeupe, kisha nyekundu, ndipo nyingine zikafuata. Wamebishiwa sana, na mimi si mtaalamu wa kuamua ugomvi huo. Ila ukiitazama kanga ya kisutu, ile ya harusi, utazikuta tatu hizo hizo: nyeusi, nyeupe na nyekundu.

Nyingi ya zilizobaki tumezitoa kwenye vitu. Kijivu kimetoka kwenye jivu la jikoni. Manjano ni kile kiungo cha pilau na mchuzi kinachoacha alama kwenye vidole. Kahawia imetoka kwenye kahawa, samawati imetoka mbinguni kupitia Kiarabu. Zambarau ni tunda, na mtoto aliyewahi kulila hahitaji kuelezwa, akajitazame ulimi kwenye kioo. Kuna waridi, kuna udongo, kuna maziwa, kuna ugoro. Kuna damu ya mzee, jina ambalo hata leo nikilisikia kwa muuza vitambaa nasimama kidogo. Kuna maji ya kunde, ambayo ni rangi ya watu na si ya nguo. Kila jina ni kitendawili kilichokwisha teguliwa na wazee, nasi tumesahau kwamba kilikuwa kitendawili.

Sasa, kazi ya shairi la rangi kwa mtoto wa Kiswahili ni ipi? Kwa maoni yangu ni kulifungua jina ili kitu kilichofichwa ndani kitoke. Basi. Anayelifungua hana haja ya kumwita "fahamu" wala "muhimu".

Jumamosi jioni huwa nakaa na watoto wa mtaani kwetu, kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Mimi si mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne, naandika riwaya ambayo haijaisha, na muda ninao. Kuna siku niliwapa huu:

Moto umekwisha lala,
Paka juu kajilaza;
Alikuja ni mweupe,
Kaondoka rangi gani?

Walipiga kelele kwa pamoja, "Kijivu!" Kisha ikapita kama dakika ya ukimya, na msichana mmoja wa darasa la tatu akasema polepole, kama anayejisemea, "Ki-jivu. Kumbe ni jivu." Neno alikuwa nalo tangu ajue kusema, siku ile ndiyo aliliona. Ubeti wangu si mzuri kiasi hicho, vina hauna. Neno lenyewe ndilo lililofanya kazi, mimi nililisogeza tu karibu na mwanga.

Nikawapa mtihani: kila mmoja aseme mstari mmoja wenye rangi, lakini rangi asiitaje. Mmoja akasema, "Maji ya bomba yakirudi baada ya siku tatu ni chai ya maziwa." Mwingine akasema, "Mawingu ya masika yametoka chini ya sufuria." Hapo ndipo nilipoanza kuandika kwenye daftari, maana sikutaka kuwaibia bila ushahidi.

Sasa tufike kwenye chungwa. Mtoto mmoja katika hao aliwahi kuulizwa katika zoezi la shuleni: chungwa lina rangi gani? Akajibu kijani. Akawekewa kosa. Jibu sahihi, eti, ni "rangi ya machungwa".

Hivi, jamani, nani amekosa hapo? Chungwa la Muheza linaloshushwa sokoni Dar es Salaam limeiva, ni tamu mpaka linakwaruza koo, na ganda lake ni la kijani. Sababu inajulikana: ganda la chungwa huhitaji usiku wa baridi ili kijani kipungue na rangi ile nyingine ijitokeze. Sisi wa pwani usiku wetu ni wa joto, hivyo chungwa huiva ndani na nje likabaki na kijani chake. Mtoto anayemwona muuzaji akilimenya kwa kisu kila siku nje ya geti la shule ameona sawasawa. Aliyekosa ni yule aliyetunga zoezi akiwa ametazama picha ya kitabu cha nje.

Mwaka 1872 mshairi wa Uingereza, Christina Rossetti, alichapisha kitabu cha mashairi ya watoto kiitwacho Sing-Song. Humo mna shairi la rangi ambalo linaendelea kufundishwa hata leo. Kila rangi imepewa kitu chake, na mwisho kabisa linakuja chungwa. Shairi lile ni zuri, silipingi. Uzuri wake ni kwamba Rossetti alichukua vitu ambavyo mtoto wa kwao anavijua. Chungwa alilolifahamu mtoto wa London lilikuwa na rangi ya jina lake. Sisi tukilitafsiri shairi lile neno kwa neno tumechukua chungwa lake, tumeacha akili yake. Aliyemwelewa Rossetti kweli ataandika la kwetu, kijani nje na jua ndani. Huo mstari wa "ndani jua" si wangu, ni wa yule yule mtoto aliyewekewa kosa.

Na kama rangi zimeonewa, majira yameonewa maradufu.

Wenzetu wa Ulaya wana majira manne. Kwa bahati, au kwa balaa, sisi nasi wa pwani tunaweza kutaja manne: masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Watafsiri wakaona sahani nne kwa vikombe vinne, wakapanga. Kiangazi kikapewa majira yao ya joto, kipupwe kikapewa baridi kali ya theluji, masika yakapewa kuchipua kwa maua, na vuli, maskini, ikapewa kupukutika kwa majani.

Tazama vuli hiyo. Vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Ardhi iliyokauka inalainika, majani yanaota, kumbikumbi wanaruka kuzunguka taa. Halafu mtoto anakariri ubeti unaosema vuli imefika, majani yanakauka na kudondoka! Anachungulia dirishani, anaona mwembe umefunikwa na majani na maembe yananenepa. Kwa hiyo anajifunza jambo moja ambalo mwalimu hakulikusudia, kwamba shairi ni kitu kinachosema uongo kwa sauti nzuri na mtu mwenye adabu habishi. Ndugu zangu, tukishamfundisha mtoto hivyo, tusilalamike baadaye kwamba vijana hawasomi mashairi. Amelijaribu neno la shairi dirishani, likashindwa.

Tena hata hayo manne ya pwani si ya nchi nzima. Mtoto wa Dodoma au Tabora ana msimu mmoja wa mvua, kuanzia kama Novemba au Desemba mpaka Aprili, halafu ukavu mrefu. Ubeti wa masika na vuli uliotungwa Dar es Salaam kwake ni wa kigeni kama ule wa theluji. Hivyo kanuni haiwezi kuwa "andika majira ya Tanzania". Kanuni ni kuanzia pale mtoto aliposimama.

Na wazee wa pwani hawakuhesabu majira kwa mvua peke yake, walihesabu kwa upepo. Kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na ikaleta joto. Kusi, takriban Mei hadi Septemba, iliyarudisha, na ikachafua bahari. Upepo ni zawadi kwa mshairi wa watoto, maana hauonekani, lazima uuonyeshe kwa vitu vingine. Niliwauliza watoto kaskazi ina rangi gani. Mvulana mmoja akajibu, "Ina rangi ya mgongo wa shati la baba akitoka kazini." Na kusi je? "Ni kanga zote za uani zinataka kukimbia." Nani amewafundisha? Hakuna. Waliulizwa tu.

Najua jibu la wengine: mtoto wa mjini hana majira, ana runinga. Si kweli. Mtoto wa mjini anayajua kwa bei ya nyanya gengeni, kwa mbu, kwa sare ya shule isiyokauka, kwa barabara iliyogeuka mto na daladala iliyozimika katikati. Jina la Jangwani linatuambia jangwa, lakini mvua ikizidi ni pale pale tunaposikia mafuriko, na Desemba 2011 watu wa mabondeni walipoteza nyumba, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Mtoto aliyekua baada ya hapo anaijua mvua kama furaha na kama hofu kwa pamoja. Ubeti wa "mvua ni baraka, tushangilie" unamnyima nusu ya anachokijua.

Na Desemba hiyo hiyo, rangi na majira hukutana barabarani. Ule mti tunaouita mkrismasi unawaka maua mekundu mpaka lami chini yake inakuwa nyekundu. Lakini kadi tunazopeana zina theluji. Theluji tunayo, haikatazwi, ipo kileleni Kilimanjaro na mtoto wa Moshi ana haki nayo. Mtoto wa Temeke Krismasi yake ni nyekundu, ina jasho, na huenda ikanyesha.

Wajapani katika haiku zao wana desturi ya kutia neno la majira, neno moja linalomwambia msomaji tuko wakati gani wa mwaka bila kuutaja. Wana hata vitabu vilivyokusanya maneno hayo, msimu kwa msimu. Sisi tumeshindwa nini? Kumbikumbi, basi ni mvua za kwanza. Embe bichi kwa chumvi na pilipili, nguo iliyogoma kukauka, ngalawa iliyopandishwa mchangani kusubiri kusi ipoe. Darasa moja linaweza kukusanya maneno hamsini kwa wiki moja bila kununua kitabu. Kenneth Koch, mshairi wa Marekani, alikwenda kufundisha watoto wa shule ya msingi New York, na mwaka 1970 akatoa kitabu juu ya kazi hiyo, Wishes, Lies, and Dreams. Moja ya mazoezi yake lilikuwa hilo tu: weka rangi katika kila mstari. Hakuwadai vina, alitaka waone kwanza.

Hapo ndipo wazee wangu wa vina na mizani watainuka. "Kijana, unataka kuturudisha kwenye ule ugomvi!" Ugomvi wenyewe tunaujua. Kahigi na Mulokozi walitoa Mashairi ya Kisasa mwaka 1973, Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974, na maneno yakawaka kama moto wa nyika: kisicho na vina si shairi. Mimi simo. Mtoto anayeruka kamba anataka mapigo, na sikio lake linapenda vina kuliko la profesa. Ninachokataa ni vina kumla mtoto. Huu hapa ni ubeti tulioutunga pamoja mkekani, wao wakisema, mimi nikishika kalamu na kupima mizani:

Mvua imeshaingia,
Uwanja wetu ni ziwa,
Mpira unaelea,
Ukipa chura kapewa.

Nane, nane, nane, nane. Vina vipo, vinapokezana. Mzee wa sheria ashike vina vyake, mtoto ashike chura wake, wote waende nyumbani wameridhika. Linganisha na ule ubeti wangu wa mwanzo, useme ni upi utaimbwa bila mgeni rasmi.

Siwalaumu walimu kwa ujumla. Mwenye darasa lililofurika hadi madirishani, na mtihani unaouliza "taja vina na mizani", atafundisha kinachoulizwa. Mtihani ungemwuliza mtoto "mtunzi ameona nini?" mambo yangebadilika hata bila fedha. Lawama yangu kubwa ni kwetu sisi waandishi, tunaodhani shairi la mtoto ni kazi ya kuandika ukisubiri chai.

Utaniuliza, wewe unayeandika riwaya, haya yanakuhusu nini? Yananihusu mno. Soma hadithi zinazopita mikononi mwetu sisi chipukizi, katika mikutano yetu ya kusomeana. Mpenzi ana macho ya samawati huku kazaliwa Tandika. Wapendanao wanaagana majani yakipukutika. Asubuhi ni ya dhahabu, usiku ni wa kiza totoro, damu ni nyekundu. Mwandishi hajaona kitu, amekumbuka ubeti wa darasa la tatu. Jicho lililofungwa utotoni halifunguliwi na kidato cha nne, na ukiniuliza, halifunguliwi na chuo kikuu pia.

Kwa hiyo naomba jambo dogo kwa kila anayeshika kalamu na kusoma kurasa hizi. Kabla hujaleta hadithi yako inayofuata, tafuta mtoto mmoja, wa kwako, wa dada yako, wa jirani. Muulize leo kuna rangi gani nje, na umkataze kutaja jina la rangi. Andika anachosema, usimsahihishe. Halafu tunga ubeti mmoja, wenye vina au usio na vina, shauri lako, umsomee yeye kwanza kabla hujatusomea sisi. Akikubishia, futa. Anachokijua kuhusu chungwa, kumbikumbi na kusi, wewe na mimi tumeshaanza kukisahau.